Kinanda cha Dada Kimepoteza Makali

4 Machi

Mdogo wangu Waya,

Salamu nyingi zikufikie huko ugenini. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto linanidai kila ninapopanda ngazi. Natumaini nawe hujambo na kazi ya karakana inakwenda. Usishangae kupata barua badala ya simu. Simu za siku hizi zina sauti ya bati. Mara ya mwisho uliongea nusu saa, nami sikuambulia ila "haya, dada".

Nina habari. Ile hoteli tulimokuwa tukipiga na bendi yetu imepata meneja mpya, naye anataka muziki ukumbini kila Jumamosi kuanzia Julai. Alikuja mwenyewe hadi nyumbani, akakaa kwenye kiti cha marehemu shemeji yako, akaniomba nipige mimi. Anasema wazee bado wanauliza yule mama wa kinanda yuko wapi. Nilimwambia nitafikiri, lakini alipotoka nilijikuta nimefuta vumbi kinanda kizima. Tangu shemeji yako afariki, kuna siku jua linazama sijasema neno ila kwa muuza maziwa. Naitaka kazi hii, mdogo wangu. Sikufichi.

Tatizo ni kwamba kinanda kimepoteza makali. Sauti imekuwa butu, kama ya mtu anayeimba chini ya blanketi. Kile kidoko kidogo kinachosikika kidole kinapogusa kitufe, ambacho ndicho kilichokuwa kikiwainua watu vitini, hakipo tena. Fundi redio wa mtaa wa nyuma amekifungua, akakuna kichwa, akakifunga. Wewe ndiye uliyekilea kinanda hiki miaka yote ya bendi. Niambie nifanye nini.

Dada yako.


27 Machi

Shikamoo dada,

Pole na goti. Mimi sijambo.

Nimefurahi mno kwa habari ya hoteli. Huyo meneja ana akili, japo angeuliza kwanza kabla ya kukalia kiti cha shemeji. Sasa sikiliza. Ndani ya kinanda hicho mna magurudumu ya chuma yanayozunguka, nayo ndiyo yanayozaa sauti. Yakikauka, sauti huzeeka. Tia mafuta mepesi katika vile vikombe viwili vya nyuma, kidogo tu, kisha ukiache siku nzima bila kukigusa.

Pili ni amplifaya. Zile taa za kioo, yaani vali, huchoka polepole, na mpigaji huwa wa mwisho kujua. Nimekufungia nne katika kifurushi hiki. Fundi akizibadilisha, asizishike kwa vidole vyenye grisi, na asubiri zipoe. Zimewahi kuniunguza mimi niliyezizoea, sembuse yeye.

Tatu, vile vijiti vya kuvuta unavyochanganyia sauti. Vivute na kuvisukuma mara nyingi ili kutu iliyojificha ndani itoke.

Niandikie ulichokisikia.

Mdogo wako.


18 Aprili

Mdogo wangu Waya,

Kifurushi kimefika salama, hakuna hata kioo kimoja kilichovunjika. Nakushukuru. Goti limenyamaza, sasa kiuno ndicho kinachosema. Wewe je?

Mafuta nimetia, vali zimewekwa, vijiti nimevivuta hadi vidole vimeota sugu. Sauti nene imenona. Besi inatikisa vikombe kabatini. Lakini juu hakuna kitu. Nimezungusha kitufe cha sauti kali hadi mwisho wake, na bado ni blanketi lile lile. Kinachonishangaza ni jirani: amefunga madirisha yote ya upande wangu, na juzi alinipita mlangoni bila salamu. Nadhani ni wivu.

Wala si kinanda peke yake. Vitu vyote vya siku hizi vimekuwa dhaifu. Birika langu liliacha kupiga filimbi, nikaliunguza. Nimenunua jipya, nalo halipigi. Hata watu hawatamki tena maneno. Muuza duka, karani wa posta, mtoto wa jirani, wote wanameza maneno kana kwamba yanauzwa. Baba, alivyokuwa mkali wa matamshi, angewasimamisha mstari mmoja.

Meneja amekuja tena. Amekwisha kupata mpiga besi na mpiga ngoma, vijana wote wawili. Wananiita bibi. Sitaki waanze kunihurumia kabla hata hawajanisikia.

Dada yako.


10 Mei

Shikamoo dada,

Pole na kiuno. Mimi sijambo.

Habari ya birika nimeisoma mara mbili.

Kuhusu kinanda, tujaribu jambo jingine. Chini ya kila kitufe mna viungio vidogo vinavyogusana. Vikichafuka, kidoko hupotea. Visafishe kimoja kimoja kwa kitambaa kikavu. Ni kazi ya wiki nzima, usiifanye kwa haraka. Ukimaliza safu ya juu niandikie, na ukimaliza ya chini niandikie tena. Mwambie fundi atazame pia mkanda unaozungusha honi, ile tarumbeta inayotawanya sauti ndani ya kasha la spika; ukilegea, sauti haipepei.

Halafu weka ile redio kaseti yako karibu na spika, upige chochote, unitumie kaseti. Piga polepole. Nimeisahau mikono yako ilivyo.

Mdogo wako.


1 Juni

Mdogo wangu,

Salamu. Sina haja ya kukuchosha na habari za kiuno.

Nilikuandikia nilipomaliza safu ya juu, nadhani barua hiyo umeipata. Safu ya chini nayo imekwisha. Mkanda ni mpya. Hakuna kilichobadilika. Ninakaa mbele ya kinanda hiki kama mtu aliyekaa na mgonjwa asiyemjibu.

Kaseti ni hii. Utasikia mwenyewe.

Fundi amenipa shauri lake. Anasema amplifaya hii ya vali imekufa, haina dawa. Atang'oa kila kitu kilichomo kashani, aweke mtambo mpya usiotumia vali, kisha vile vya zamani atavichukua yeye akavivunje kwa vipuri. Nilimwambia ninyi wawili hamwezi kuwa mafundi wa kitu kimoja mkapishana hivyo. Akanijibu kwamba mdogo wangu yuko mbali na yeye yuko hapa.

Atakuja Jumamosi ya tatu ya mwezi huu. Usiponiandikia kabla ya hapo, nitamkubalia. Julai hiyo hapo.

Dada yako.


11 Juni

Shikamoo dada,

Barua hii nimeituma kwa njia ya haraka. Usimruhusu fundi aguse amplifaya.

Nimeisikiliza kaseti yako hapa karakanani kwa spika tatu tofauti. Kinanda ni kizima. Kidoko kipo mwanzo wa kila noti, safi kama zamani. Sauti kali nayo ipo, na kwa kuwa umeifungua hadi mwisho, inakata kama wembe. Mwenye karakana alitoka ofisini kwake kuniomba niipunguze. Ndiyo maana jirani anafunga madirisha. Birika lako linapiga filimbi, dada. Na karani wa posta anatamka.

Ni masikio yako. Sauti nyembamba ndizo huondoka kwanza, nazo huondoka bila kuaga. Nimeona wapigaji wengi wakiniletea amplifaya zisizo na kasoro niwatibie. Hakuna vali ninayoweza kukutumia kwa jambo hili.

Ukipiga hotelini kama unavyopiga sasa, watu watatoka ukumbini wameshika vichwa, nawe hutajua kwa nini. Nenda kwa daktari wa masikio. Afadhali unikasirikie mimi kuliko wakucheke wao.

Mdogo wako.


24 Julai

Shikamoo dada,

Sijapata jibu. Julai inakwisha, nami sijui kama ulipiga au hukupiga, kama amplifaya bado iko au imekwisha kuvunjwa. Nimepiga simu, haikupokelewa.

Nitukane basi, lakini kwa maandishi, nijue kwamba upo.

Mdogo wako.


15 Agosti

Mdogo wangu Waya,

Salamu. Mimi ni mzima kuanzia shingoni kwenda chini. Ya juu yake nitakueleza.

Barua yako ya Juni niliichana mbele ya fundi, naye akadhani nimefiwa. Nikamwambia aondoke na bisibisi zake. Kwa siku nyingi sikukigusa kinanda. Nilisema ugeni umekufundisha dharau. Kisha nikaenda kwa daktari, kwa nia ya kupata karatasi ya kukuumbua.

Alinivalisha visikizi masikioni, akaniambia ninyanyue mkono kila nisikiapo mlio. Nilinyanyua, nikanyanyua tena, halafu pakawa kimya. Nilingoja. Mwishowe nikamwuliza mbona ameacha.

"Sijaacha, mama," akasema.

Jumamosi za mwanzo sikwenda hotelini. Nilimwambia meneja naumwa, na haukuwa uongo. Alisubiri. Mwisho wa mwezi nikaenda. Vijiti nilivivuta kwa kumbukumbu ya vidole, sikio nikaliweka kando. Kitufe cha sauti kali nilimkabidhi yule kijana wa besi. Nilimwagiza asimame mwisho wa ukumbi asikilize, kisha arudi akipunguze mpaka aridhike yeye, na asinitazame usoni. Alikwenda na kurudi, akaenda tena, na kila aliporudi kinanda kilisogea mbali nami. Aliporidhika, nilikisikia kama kinapigwa nyumba ya pili. Hapo ndipo tulipoanza.

Watu walicheza, mdogo wangu. Niliwaona wakicheza. Mzee mmoja alinijia baadaye, akainama akaniambia kwa sauti kubwa kwamba makali ni yale yale ya zamani. Nilimshukuru. Nilimwonea wivu njia nzima mpaka nyumbani. Jumamosi iliyofuata nikarudi, na nitarudi tena.

Sasa jambo lako. Ulijua tangu uliposoma habari ya birika. Ulijua, lakini ukanipa kazi ya wiki nzima na kuniagiza nikuandikie kila safu. Hilo liliniuma kuliko masikio. Nikazitoa barua zako zote, na ile niliyoichana nikaibandika, nikazisoma mfululizo ili nipate maneno ya kukukaripia. Nilikuta vali, mafuta na mikanda. Juu yako wewe nilikuta "sijambo", basi. Sijui unakaa na nani. Sijui unakula wapi, wala nani hukujulia hali ukishinda ndani. Umekaa huko miaka yote hii, nami sijui hata chumba chako kina madirisha mangapi.

Nikaelewa kwa nini hukuwa na haraka kinanda kipone. Wala nisijifanye bora kuliko wewe: kila nilipomaliza safu moja, niliikimbilia kalamu.

Kinanda hakina ugonjwa tena. Niandikie hata hivyo.

Dada yako.