Vita Vilivyosubiri Chai

Ermek,

Huna haya! Nakuuliza mashine ya michezo ya video ya marehemu babu yako nimpe nani, unanijibu ya zamani ni takataka, ya sasa ndiyo michezo. Ule mchezo wa vifaru vya vita mliocheza naye hapa Naryn, chai ikija mlibonyeza kitufe, vita vikasubiri. Siku ile nilipokupigia simu huko Bishkek kukuambia kwamba babu anataka kukusikia, ulisema, "Subiri Bibi, mchezo huu hausimamishwi, timu yangu itashindwa." Akasubiri, simu sikioni, mpaka akakata roho. Hilo sikukuambia.

Mazikoni hukufika. Ijumaa ni arobaini yake. Vua hayo madude masikioni, uje, na umlilie kwa sauti kuanzia langoni, kama ilivyo desturi ya wanaume wa kwetu.

Bibi yako,
Sairakan