Vigelegele vya Mama Ukumbini kwa Wareno

Jumapili, alasiri. Nje kunanyesha mvua iliyochanganyika na theluji. Nyumba imepoa ghafla, maana Mama ameondoka leo kurudi nyumbani Taita.

Alikaa nasi hapa mtaani Parkdale, ughaibuni, majira yote ya baridi. Siku nyingi alizimalizia dirishani, akitazama watu ambao, alisema, wanatembea kama waliotumwa na mtu mkali. Jana nikaona nimtoe walau mara moja, pamoja na binti yangu Neema. Jirani yetu Mreno alikuwa ametualika ukumbini kwao, kusikiliza vijana wanaopiga nyimbo za kale za Ureno bila vyombo vya umeme. Gitaa, kodiani, ngoma ya pembe nne ambayo kwao hupigwa na wanawake, na sufuria. Ndiyo, sufuria.

Nyimbo zenyewe wanazifanyia utani. Wimbo wa kuvuna zabibu waliuendesha mbio mpaka wakaishiwa pumzi, na wazee waliokaa mbele wakacheka hadi kufuta machozi.

Kisha ukaja wimbo wa harusi. Mama hajui Kireno hata cha kuombea maji, lakini harusi aliitambua. Kwetu Taita, bibi harusi hatoki nyumbani kabla Mama hajaitwa kupiga vigelegele. Akasimama, akapiga kimoja kirefu.

Muziki ukakatika. Ukumbi mzima ukatugeukia.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Msichana aliyekuwa akiimba akashuka, akaja hadi mezani kwetu akitabasamu, akaniambia kwa Kiingereza nimwombe Mama apande jukwaani, ashike ile ngoma, awafundishe sauti hiyo.

Mimi ndiye mkalimani wa Mama katika mji huu, kwa daktari, dukani, hata kanisani. Nikamjibu msichana kwamba mama yangu amechoka. Nikamgeukia Mama nikamwambia, "Wanasema asante."

Mama akaketi, akajifunika leso yake vizuri. "Nimewaharibia shughuli yao," akasema.

Nikamwacha aamini hivyo.

Leo kwenye uwanja wa ndege alikuwa akimuusia Neema. Asome, aombe, na asipige kelele kwenye shughuli za watu kama nyanya yake.

"But Nyanya, walipenda sana!" Neema akasema. "Walikuita jukwaani. Mum akawaambia umechoka."

Mama alinitazama. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Ningeenda," akasema. Akabeba mkoba wake, akaingia upande wa wasafiri.

Mchana huu jirani amebisha hodi. Vijana wanapiga tena Jumamosi na wanamuulizia yule mama. Nimelia mlangoni kama mtoto.

Akitua nitampigia simu. Nitamtafsiria yote, tangu neno la kwanza la yule msichana. Ila nikimwambia walimpenda, ataniamini?