Mikono Haisomi Barua

6 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, kile kikohozi kimeondoka chenyewe baada ya kuzishinda dawa zote. Wewe je? Na Shangazi, goti lake limekubali kupanda ngazi? Mwambie kitambaa alichonifumia nimekitandika mezani na hakuna anayeruhusiwa kuweka kikombe juu yake.

Nina habari. Klabu ilitupeleka sisi makocha kwenye mafunzo. Nilikwenda nimenuna, maana gofu nimeifundisha miaka yote hii, nikawa nashangaa nitaambiwa nini kipya. Nimerudi nimenyamaza. Kumbe tumekuwa tukifundisha kana kwamba watu wote wana kichwa kimoja. Yuko anayejifunza kwa kutazama, yuko anayejifunza kwa kusikia, na yuko ambaye haelewi kitu mpaka mwili wake uonje. Wengi wana kidogo cha kila kimoja, lakini kila mtu ana mlango anaoupendelea, na kazi ya kocha ni kuutafuta kabla hajaanza kupiga domo.

Sasa mwanafunzi mpya akija simpi fimbo. Namwomba anieleze anavyofunga kamba za viatu. Wa macho hutazama juu, kama kuna picha ukutani. Wa masikio huanza kunihutubia. Wa mwili hasemi kitu, ila vidole vinafunga kamba hewani. Nina mwanafunzi mmoja, daktari wa meno, niliyemhubiria juu ya mabega yake tangu mwaka jana, naye ananiitikia kwa adabu kisha anautuma mpira bwawani. Juzi nilifunga mdomo, nikapiga mipira kadhaa mbele yake, nikampa fimbo. Mpira ukaenda ulikotumwa. Akaniuliza kwa nini sikunyamaza mapema.

Wewe uliyefundisha nusu ya mji huo, ulikuwa unajuaje nani ni nani? Na mwenyewe ulijifunzaje? Halafu mistari ya barua yako ya mwisho ilikuwa inapandana. Ulikuwa unaandika ndani ya gari?

Binti yako

1 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hapa tuko salama, isipokuwa jambo moja nitakalolisema chini. Goti la Shangazi yako limekubali ngazi, yeye ndiye bado hajakubali. Mimi nasema, yeye anaandika, na ananiangalia vibaya.

Elimu yenu hiyo ni nzuri. Mimi sikujua habari za milango. Aliyekosea nilimwambia arudie. Akikosea tena nilimwonyesha. Wengine walijua, wengine walihamia tenisi. Mimi mwenyewe nilijifunza kwa macho matupu. Kocha wangu hakuwa mtu wa maneno, alikuwa anasema "tazama" basi, nami nilimtazama mpaka nikifumba macho nayaona mabega yake yakigeuka.

Kwa hiyo hili limenipata pabaya. Mistari ilipandana kwa sababu siioni. Daktari wa macho anasema sehemu ya katikati imechakaa, pembeni ndiko kumebaki. Nikimtazama Shangazi yako naona hereni zake, uso haupo. (Ninasema mimi ninayeandika: hajapoteza kitu.) Mpira nikiuweka chini, nikiinamisha kichwa tu, umetoweka.

Sasa sikiliza. Klabu itafungua uwanja mpya wa mazoezi mwishoni mwa Agosti, na wameniomba nipige mpira wa kwanza, mbele ya wanafunzi wangu wote wa zamani. Nilikubali kabla ya kufikiri. Sitaki kuchapa hewa mbele ya watu niliowagombeza. Wewe umesomea mambo haya. Mlango wangu umefungwa, nitafutie mwingine. Hata kwa barua.

Baba yako

19 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni na viatu vya kazini, nikakaa papo hapo kwenye ngazi. Pole, Baba. Pole sana. Ningekuja kesho, lakini msimu umeanza na ratiba yangu imejaa. Nitakuja Juni, nimeshamwambia meneja.

Huku nyuma tuanze. Nimekufikiria sana, na nadhani wewe una masikio kuliko unavyojua. Nani aliyekuwa akikaa ofisini amegeuzia dirisha mgongo na kusema "huyo amepiga kwa kisigino cha fimbo" bila hata kutazama nje? Basi tutakwenda kwa sauti. Shangazi akusomee taratibu haya yafuatayo, nawe uyafuate. Simama, miguu ipanuke kama mabega. Zungusha fimbo bila mpira na usikilize upepo wake. Ule mvumo unatakiwa usikike chini, pale mpira utakapokuwa, si juu begani. Ukiusikia mapema, mikono imewahi. Ukiusikia kwa kuchelewa, kiuno kimelala. Rudia mpaka mvumo ushuke. Kurasa mbili zilizobaki zinaeleza magoti, mgongo na kichwa.

Usikate tamaa ukiona mambo magumu mwanzoni. Kila mwanafunzi wangu hupitia hapo.

Binti yako

20 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Afya njema, ukiacha mgongo, na huo ni wewe uliyeuleta.

Tumejaribu. Kila asubuhi Shangazi yako anasimama kibarazani na barua yako, anasoma kama mtangazaji wa taarifa ya habari, nami niko uani na fimbo. "Kiuno kisilale," anasoma. Nauliza, kilale vipi? Anasema haikuandikwa. Wiki iliyopita fimbo ilinitoka mkononi ikavunja chungu cha maua ya jirani. Jirani alikuwa muungwana, alisema tu kwamba maua yalikuwa yameanza kuchoka.

Maneno yako ni mazuri na nimeyashika yote. Ila yakifika kichwani yanakaa huko huko, mikononi hayashuki. Huo mvumo nausikia, najua hata kwamba ni mbaya. Kuurekebisha ndiko sikujui.

Jambo moja nikueleze. Juzi Shangazi yako alichoka kusoma. Aliweka barua chini, akaja nyuma yangu akanikamata kiuno kwa mikono miwili, akanigeuza kama anayesogeza kabati. Hajawahi kushika fimbo maishani. Lakini pale, mwanangu, nilihisi kitu. Kama mwili ulikumbuka jina la mtu. Akaniachia, kikapotea. Nilimwomba anishike tena, akasema ana sufuria jikoni.

Nadhani ninachohitaji ni mtu wa kunishika, tena mtu anayejua anakonipeleka. Juni ni tarehe ngapi utafika? Niandikie, nimwarifu meneja wa klabu atutengee kona ya uwanja.

Baba yako

14 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini mgongo umetulia. Kwa jirani mnunulieni chungu kingine, nami nitamwomba radhi mwenyewe.

Usinikasirikie. Kocha mkuu wetu ameondoka ghafla na wamenipa nafasi yake. Ni mimi, Baba, mtoto uliyemfundisha kwa fimbo iliyokatwa mpini. Nimefurahi na nimeogopa. Lakini Juni sitaweza tena, nikiondoka mwezi wa kwanza tu watasema nimeshindwa. Nitakuja Agosti, kabla ya sherehe, tutakuwa na siku chache za kumalizia.

Kuhusu kiuno, usiiache njia ya sauti katikati. Nimegundua kosa letu: Shangazi anasoma haraka. Nimerekodi maelezo yote kwa sauti yangu na kuyatuma kwenye simu yake, polepole, hatua kwa hatua. Weka simu mfukoni, uisikilize huku unazungusha fimbo. Itakuwa kama niko hapo nyuma yako. Naamini kabisa mlango wako ni masikio, bado tu haujazoea kufunguka.

Endelea kila siku. Nitakapokuja Agosti nataka nikukute tayari.

Binti yako

24 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Hongera ya ukuu. Nilimwambia kila mtu hapa mtaani, na wale ambao sikuwaambia waliambiwa na Shangazi yako.

Nimechelewa kujibu kwa sababu sikuwa na la kusema. Sasa ninalo. Nimewaambia klabu wamtafute mtu mwingine.

Sauti yako niliisikiliza, wakati mwingine bila fimbo, kwa kupenda kukusikia tu. Mapema mwezi huu nikaona uani nimecheza vya kutosha, nikamwomba Shangazi yako anipeleke uwanjani tujaribu. Nilidhani hakutakuwa na mtu. Kumbe meneja aliwaambia wanafunzi wa zamani wawili watatu, nao wakaleta wengine. Nilipiga hewa. Nikajipanga, nikapiga hewa tena. Mara ya tatu niligusa majani, nikasikia mpira umebingirika kama yai linalodondoka mezani. Wakapiga makofi. Wale niliokuwa nawaambia "rudia, hujafanya kitu", walinipigia makofi, mwanangu, kwa upole kabisa. Makofi hayo ndiyo yaliyonimaliza.

Fimbo nimeziacha pale klabuni, wazitumie wanaoanza. Usiniandikie maelezo mengine. Shangazi yako anasema nikueleze kuwa sina hasira. Ni kweli, sina.

Baba yako

12 Septemba

Baba yangu,

Shikamoo. Nilifika salama, sanduku langu lilifika siku ya pili. Asanteni kwa yote, na mwambie Shangazi zile karanga ziliishia njiani.

Kuna maneno sikuyasema siku ya kuagana, wacha niyaandike. Siku zote nilizokaa hapo ulikataa kwenda uwanjani. Siku ya ufunguzi tulikaa sebuleni tukisikiliza redio. Nilikuwa nimeshajisalimisha. Ndipo asubuhi ile ya mwisho ukasema, "Basi twende, usije ukarudi umelibeba hili moyoni."

Tulifika wakati wakataji majani hawajawasha mashine. Niliazima fimbo ofisini. Nilikusimamisha, nikaanza kusema habari za miguu, nikajisikia mwenyewe ninavyosema, nikanyamaza. Nikasimama nyuma yako nikaweka mikono yangu juu ya yako. Mwanzo ilikuwa migumu kama mbao. Sijui kama umewahi kushikwa mikono na mtoto wako tangu niwe mtu mzima. Tulizungusha pamoja, taratibu, tena na tena, bila neno. Kisha nikahisi mabega yako yamelegea, na baada ya hapo si mimi niliyekuwa nakuzungusha. Ni wewe, mimi nilikuwa nimepanda tu kama abiria.

Nikakuachia. Ukapiga. Nikakwambia umekwenda vizuri. Ukanirudishia fimbo, ukasema imetosha.

Haikuchukua hata saa moja, Baba. Ulinieleza Aprili, kwa maneno yaliyonyooka kabisa, unavyojifunza. Mimi ninayewauliza wageni habari za kamba za viatu niliisoma barua hiyo nikakujibu kwa kukurekodia hotuba. Kila nikikumbuka hapo nanyanyuka nilipokaa.

Mwanao

5 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Tuko wazima. Mvua zimeanza na paa la jikoni limetoa taarifa zake.

Usijichape. Nami ningeweza kuandika "njoo sasa hivi", nikaandika kuuliza tarehe. Mzazi anaona haya kumwita mtoto aliye kazini, akishaona haya anazunguka. Nilizunguka mno.

Nikuulize kitu kimoja tu. Ule mpira sikuuona ulikokwenda. Uliniambia umekwenda vizuri, nami sikutaka kukuchimba uwanjani pale. Ulikwenda wapi?

Baba yako

19 Oktoba

Baba yangu,

Shikamoo. Poleni na paa, nimemwandikia fundi yule aliyetengeneza bafu, atapita.

Ulikwenda kushoto. Uliruka chini chini, ukagonga uzio wa waya karibu na tangi la maji, ukarudi kwenye nyasi ndefu. Mguu wako wa kulia uliwahi kuinuka. Ni kosa dogo, wanafunzi wangu hulifanya kila siku, na mtu akishikwa nyonga wiki moja hivi linatoka. Sikukwambia kwa sababu ulikuwa umetabasamu, nami nilikuwa na ndege ya kuwahi. Kama ningekuwa na wiki hiyo moja ningekwambia.

Nimepewa likizo Desemba, ndefu. Nimeshanunua tiketi kabla ya kukuuliza, ili usipate nafasi ya kuona haya. Nitakuja na fimbo nyepesi niliyokuchagulia mwenyewe, mpini wake ni mnene, mkono unausikia vizuri. Tutaanza na nyonga.

Mwanao

14 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Fundi alikuja, jikoni sasa kukavu.

Asante kwa kunieleza ukweli. Nilijua. Mpira ukitoka vibaya mkono unawasha mpaka kwenye kiwiko, na mimi muwasho huo ulinikalia siku nzima ile. Nilitaka kukusikia wewe ukisema.

Nikuandikie nami ukweli wangu, Shangazi yako ameuandika mara ya kwanza akaufuta, nimemwambia aandike tena. Mwezi wa Mei nilikuwa naamka nina hamu. Nilikuwa navaa viatu vya uwanjani nikiwa bado kitandani. Hamu ile nimeitafuta tangu Septemba, hata baada ya kushika fimbo pamoja na wewe, na sijaiona. Si kwa sababu yako peke yako. Pembeni nako kumeanza kufifia, hereni za Shangazi yako nazisikia tu zikilia. Mtu akiwa na kazi ya kujifunza kufika chooni bila kugonga ukuta, hana nguvu ya kujifunza kitu kingine.

Kwa hiyo hiyo fimbo mpe yule daktari wako wa meno. Wewe njoo. Nataka unipitishe humu ndani, chumba kwa chumba, unishike mkono uweke juu ya kila kitu, taratibu kama ulivyofanya uwanjani. Usinieleze. Nishike tu.

Baba yako