Bega la Dada Loretta

Fort McMurray,
Jumapili, 12 Novemba

Kwako dada yangu Loretta,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na shemeji Ambrose amepata nafuu ya goti, maana namjua, hatulii ndani hata ukimfunga kamba. Mama naye anaendeleaje? Mwambie soksi alizofuma zilifika, na Clement amezivaa mpaka zimeanza kumbana. Huku theluji imeshika kweli. Gari haliwaki asubuhi tusipolichomeka kwenye umeme usiku kupasha injini moto. Sisi tu wazima. Mume wangu Gerard yuko kazini kule kambi ya mafuta, amebakiza siku tano arudi nyumbani.

Najua umeshangaa kuona bahasha. Miezi miwili umekuwa ukinipigia simu, nami nakujibu kwa ujumbe wa maneno matatu, kama mtu anayemjibu karani. Jipikie chai dada, ukae, nikueleze.

Nianze na mtoto. Clement bado anacheua, lakini si kama ulivyomwacha. Daktari alinieleza kwamba mlango wa juu wa tumbo lake bado mlegevu, maziwa yanapanda na kumchoma kooni, na kwamba dawa kubwa ni kukua. Huenda kabla hajatimiza mwaka yakawa yamekwisha. Uzito unapanda vizuri. Namnyonyesha kidogo kidogo, mara nyingi, kisha namsimamisha begani nusu saa nzima, na akilala namlaza chali kwenye kitanda kitupu. Yote hayo uliyaona. Mengi uliyafanya wewe kabla yangu.

Unakumbuka hali uliyonikuta nayo Agosti. Nilikupigia simu nalia, nikakuambia maziwa yanamtoka mpaka puani, anajipinda kama upinde, anakataa titi lile lile analolililia. Msimu wa kaa wa baharini ulikuwa umefungwa kiwandani kwenu, ukapanda ndege mbili, ukaingia mlangoni kwangu na chupa sita za jamu na koti bado mwilini, ukasema, "Hebu nipe huyo mzee." Ukamwegemeza begani. Ukatembea naye kutoka jikoni hadi dirishani, ukivumavuma wimbo usio na maneno. Akabeua kama baharia, akalala.

Siku ile nilishukuru, Mungu ni shahidi. Siku ya pili nilishukuru pia. Siku ya tatu nikaanza kuhesabu.

Nilihesabu mara alizonitapikia mimi na mara alizokutapikia wewe. Nilihesabu dakika alizolia kwangu kabla hujanyosha mikono. Nikimchukua anakakamaa, ukimchukua anayeyuka. Darlene wa jirani alipoleta bakuli la supu alituangalia akacheka, akasema, "Selina, jihadhari, mtoto ameshapata mama mwingine." Wewe ukamjibu kwa utani kwamba mama mwenyewe ni ng'ombe wa maziwa tu, kazi nyingine umeichukua wewe. Tulicheka sote watatu. Mimi nilikwenda bafuni, nikafungulia maji ili msinisikie.

Kisha ikaja siku ya kliniki. Mimi nilikuwa na shati lililoganda maziwa, nywele hazijachanwa siku mbili, wewe umembeba. Nesi Paulette alipita moja kwa moja mpaka kwako, akasema, "Hongera mama, mtoto ametulia." Ulimkatiza haraka, ukasema, "Hapana, mimi ni mama mkubwa tu, mama yake ni huyu." Ulisema kwa upole, na ulinishika mkono. Nami nilikuchukia kwa upole huo, dada. Wanasema wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Mimi niliushiriki asubuhi, mchana na jioni.

Kilichonimaliza ni kile kicheko chake cha kwanza. Nilikuwa naoga. Ukaniita, "Selina! Njoo, njoo upesi, anacheka!" Nikaja mbio na taulo, povu machoni, lakini kilikuwa kimeshapita. Uso wako ulikuwa unang'aa. Nikakuambia huo ni upepo tu tumboni, watoto wa umri ule hawacheki. Ukasema, "Basi ni upepo," ukanipa mtoto, naye akanitapikia shingoni.

Siku mbili baadaye simu ililia, nikaenda kuzungumza chumbani. Nilipotoka nilikuambia kwamba ni Nesi Paulette, na kwamba amesema mtoto anashikwa na mikono mingi mno, anatikiswa mno, na hilo ndilo linaloharibu tumbo lake. Ulikuwa unakunja vitambaa vyake. Uliendelea kukunja mpaka vikaisha. Halafu ukaniuliza, "Nimemuumiza?" Nikakujibu kwamba sijui.

Jioni ile ile ukabadilisha tiketi. Uwanjani hukumbusu. Ulimgusa unyayo kwa kidole kimoja, ukageuka.

Usidhani nilipata raha. Wiki ya kwanza alilia kuliko wakati wote, wala hapakuwa na mtu wa kumlaumu. Polepole nikajifunza. Siku moja alilala begani kwangu, nikasimama dirishani nikiona aibu tu, kwa sababu niligundua kwamba angenizoea hata ungekuwepo. Hukuwa umeninyang'anya kitu.

Hata hivyo nilinyamaza, na ningeendelea kunyamaza. Lakini Alhamisi Gerard alinipigia kutoka kambini, akaniambia amezungumza na Ambrose. Ambrose amemwambia kwamba baada ya misa binti wa kina Hynes alitaka kukupa mtoto wake umshike, ukarudi nyuma, ukaficha mikono mfukoni, ukasema mikono yako haiwafai watoto wachanga.

Dada, nesi hakusema hivyo. Alipiga kubadilisha siku ya kupima uzito, basi. Maneno yale niliyatunga mimi, nimesimama kati ya kitanda na kabati, na sikuyatunga kwa hasira ya ghafla. Niliyachagua. Najua mimba tatu ulizopoteza. Ya mwisho ni mimi niliyekaa nawe hospitali. Nilijua kabisa ni sentensi ipi ingekutoa nyumbani kwangu bila ugomvi, nikaitumia hiyo. Nilikuonea wivu wewe, kwa wiki tatu ulizomshika mtoto ambaye mimi nitamshika maisha yangu yote.

Nilimwambia Gerard kila kitu. Akasema, "Mwandikie. Usimpigie. Ukimpigia utalia, naye ataanza kukubembeleza wewe." Ndiyo maana unasoma badala ya kunisikia. Sitaki unibembeleze.

Ubatizo ni Jumapili ya pili ya Januari. Padri ameniuliza mara mbili jina la mama wa ubatizo, nami nimemwambia bado nangoja jibu lako. Ukikataa, nitaelewa, na sitaweka mwingine. Ukinyamaza mwaka mzima pia nitaelewa. Lakini mtoto wa kina Hynes mshike, tafadhali, hata kama mimi hutanisamehe.

Nisalimie Mama, umwambie ukweli huu au usimwambie, uamuzi ni wako. Nisalimie shemeji na goti lake. Gerard anakusalimu sana. Clement hajui kusalimu, lakini nimemaliza nusu ya barua hii akiwa begani, na mgongo wangu umelowa.

Hukumuumiza, Loretta. Kwa wiki zile tatu, mahali pekee alipopumzika palikuwa kwako.

Mdogo wako,
Selina