Bastola Iliyopatikana Chooni Siku ya Wazazi

KAMATI YA WAZAZI, SHULE YA MIJAKARANDA, FREE AREA, NAKURU
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA

Tarehe: Ijumaa, 13 Juni 2025, kuanzia saa nane mchana
Mahali: Darasa la Nne, kwenye viti vya wanafunzi

Waliohudhuria:
Bw. Kabiru, Mwenyekiti (mfanyabiashara wa mbao)
Bw. Khaemba, Mwalimu Mkuu
Bi. Wanjugu, Mhazini (ana duka la mbegu na mbolea huko Bahati)
Bi. Adongo, mwakilishi wa walimu
Bw. Odongo, mwanakamati
Bi. Immaculate Awuor, Katibu

Aliyekosa:
Bw. Kiarie, mwanakamati. Alituma ujumbe kwamba atakuja ikishajulikana nani ameketi na nini.

KUMB. NA. 1/06/2025: KUFUNGUA
Bw. Odongo aliongoza maombi. Yalikuwa marefu kuliko kawaida, na Mungu aliombwa awalinde wanakamati na "kila chuma kisichoonekana". Akitamka hayo, alifungua jicho moja kumtazama Mwenyekiti. Katibu aliliona kwa kuwa naye alikuwa amefungua la kwake. Kumbukumbu za kikao kilichopita hazikusomwa kwa sababu hakuna aliyekuwa na utulivu wa kusikiliza.

KUMB. NA. 2/06/2025: TUKIO LA ASUBUHI
Bi. Adongo alieleza kwamba sherehe za siku ya wazazi zikiendelea, msichana wa Darasa la Tatu alimletea bastola aliyoikuta juu ya tangi la choo cha wageni. Mtoto alidhani ni ya kuchezea, akauliza kama anaweza kubaki nayo ikikosa mwenyewe. Bi. Adongo aliipokea na kuifungia kwenye kabati la chaki. Alisema: "Nilishika kitu iko na risasi, mkono bado iko na chaki. Huyo mtoto angeifinya, tungekuwa tunaongea maneno ingine hapa."

Mwalimu Mkuu alieleza kwamba amewapigia polisi na wako njiani. Wanataka mwenye bastola ajitokeze na leseni. Asipojitokeza, itahesabiwa kuwa silaha haramu na kila mzazi aliyekuwepo ataandikisha taarifa. Akijitokeza, huenda akanyang'anywa leseni na kushtakiwa kwa kuiacha ovyo.

Bi. Wanjugu aliinua mkono. Mwenyekiti alimwambia kwamba hoja yake ya vyoo itasikizwa mwishoni, kama kawaida.

KUMB. NA. 3/06/2025: PENDEKEZO LA KUZUIA BUNDUKI SHULENI
Bi. Adongo alipendekeza mtu yeyote asiingie shuleni na bunduki, awe na leseni au hana, aionyeshe au aifiche.

Mwenyekiti alipinga vikali. Alieleza kwamba mwenye leseni hubeba silaha yake kwa siri, na ukimuuliza kama anayo umeshaiharibu siri. Bw. Odongo aliuliza, kwa upole mwingi, ikiwa imefichwa itajulikanaje. Mwenyekiti alijibu kwamba hapo ndipo uzuri wake ulipo.

Mwalimu Mkuu aliarifu kikao kwamba mlinzi wa langoni, Mzee Kosgei, ameulizwa kuhusu kupekua wageni. Yuko tayari kumpekua kila mtu, isipokuwa wale anaowashuku kuwa na bunduki. Wanakamati waliona msimamo huo una busara.

Bi. Wanjugu aliinua mkono tena. Aliambiwa asubiri.

KUMB. NA. 4/06/2025: SUALA LA MWENYEKITI
Ikumbukwe kwamba tangu siku Bw. Kabiru alipoinua koti la ngozi kutafuta leso, na kitu kigumu kikaonekana kimetuna kiunoni, hakuna hoja yake iliyopingwa katika kamati hii. Basi la shule lilinunuliwa kwa shemeji yake bila injini na bila swali. Sare ilibadilishwa ikawa kijani kwa kuwa anapenda kijani. Yeye mwenyewe huchaguliwa kwa makofi, na Katibu hupiga makofi hayo.

Bw. Odongo alimwambia: "Chairman, si useme tu ni yako tumalize hii maneno? Sisi ni watu wako, hatutakuhukumu."

Mwenyekiti alijibu: "Hiyo si yangu. Mtu hawezi sahau kitu kama hiyo."

Mwalimu Mkuu alimwomba kwa heshima aonyeshe ya kwake ili asishukiwe. Mwenyekiti alikataa, akirejelea usiri wa mwenye leseni. Bi. Adongo akasema basi ni moja kati ya mawili: aonyeshe aliyo nayo, ama polisi waambiwe ile ya kabatini ni yake. Gari lilisikika nje. Lilikuwa la maziwa, lakini Mwenyekiti alikuwa ameshasimama na kuinua koti.

Ulikuwa mkanda wa mgongo wa hospitali, wenye vyuma pembeni. Alieleza kwamba alianguka kutoka kwenye lori la mbao. "Mimi sijawahi kusema niko na bunduki. Ni nyinyi mlisema. Mimi nilinyamaza tu." Aliongeza kwamba kabla ya mkanda huo alikuwa mwanakamati wa kawaida, na hakuna siku aliyoachwa amalize sentensi.

Katibu alimhurumia sana, kisha akalikumbuka lile basi.

Bw. Odongo alimkatiza Mwenyekiti mara kadhaa, nyingine kabla hajafungua mdomo. Iliamuliwa kwamba Bw. Kabiru aachie kiti na aje aeleze injini iko wapi.

KUMB. NA. 5/06/2025: MWENYE BASTOLA
Bi. Wanjugu alisimama bila kuinua mkono. Alisema: "Ile kitu ni yangu," akatoa leseni mkobani.

Alieleza kwamba aliomba leseni baada ya majambazi kumvamia dukani. Asubuhi aliingia choo cha wageni, ambacho hakina komeo, jambo ambalo amelileta kikaoni miaka nenda rudi. Ilimbidi ashikilie mlango kwa mkono mmoja, kwa hiyo akaiweka bastola juu ya tangi, kisha akaitwa haraka kupokea wageni. Alilia. Aliomba msamaha kwa Bi. Adongo na kwa mtoto, na akasema anastahili kuondolewa kamatini.

KUMB. NA. 6/06/2025: UCHAGUZI NA KURA
Bw. Odongo alimpendekeza Bi. Wanjugu kuwa Mwenyekiti. Mwalimu Mkuu aliunga mkono kabla pendekezo halijaisha. Bi. Wanjugu alikumbusha kikao kwamba yeye ndiye mkosaji. Alijibiwa: "Tumekusikia, Chairlady." Alieleza pia kwamba bastola imefungiwa kabatini na hana nyingine. Bw. Odongo alisema hakuna haja ya kuwafafanulia.

Ujenzi wa vyoo vipya ulipitishwa kabla hajautaja.

Mwenyekiti mpya aliomba pendekezo la Bi. Adongo lipigiwe kura. Karibu wote waliunga mkono, akiwemo Bw. Kabiru. Bw. Odongo aliinua mikono yote miwili. Bi. Adongo pekee hakuinua wake. Alipoulizwa mbona anakataa sheria aliyoileta mwenyewe, alisema: "Naitaka sana. Lakini muandike vile imepita. Tumekataza bunduki sababu tunaogopa mwenye bunduki."

Bw. Odongo aliomba maneno hayo yafutwe. Katibu ameyaandika.

KUMB. NA. 7/06/2025: KUFUNGA
Polisi walifika saa kumi. Walichukua bastola, na Mwenyekiti mpya akaondoka nao kwenda kuandikisha taarifa. Wanakamati walisimama kwa heshima mpaka gari likatoka langoni. Kwa kuwa hakuna aliyethubutu kufunga kikao bila ruhusa yake, waliketi tena na kungoja, hadi alipopiga simu saa moja jioni kuwaambia waende nyumbani.

Mwenyekiti: ..............................
Bi. Wanjugu

Katibu: ..............................
Bi. Immaculate Awuor