Alama Nyeupe za Mgongo wa Mlima

Alhamisi.

Damu ilichuruzika juu ya rangi yangu. Nilizipaka alama nyeupe mitini kwa uangalifu, ili wanafunzi wangu wasipotee Jumamosi tutakapotembea juu ya mgongo wa mlima. Wezi wa asali wamezifuata hadi kwenye mizinga ya Mzee Maganga.

Leo Mzee amemnasa mmoja wao, kijana, na kumkata panga begani hadi mfupa ukaonekana.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba, mwalimu. Umewachorea njia vizuri sana.” Alifuta panga kwa majani. “Jumamosi nitamtofautishaje mwanafunzi na mwizi?”

Mimi ndiye niliyemfikisha kijana yule pale. Kama atakufa…

Safari nimeifuta. Kesho nitapanda peke yangu kuzikwangua alama zote. Nimempelekea Mzee ujumbe kwamba nitavaa shati jekundu, asije akanidhania mwizi. Hajajibu.