Utepe wa Shaba

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi ulichomwambia mama kwenye simu kimekwisha kukuachia kifua. Wifi yangu hajambo? Na mwanao, ambaye nasikia ameota meno mawili na tayari ameyajaribu kwenye kidole chako, anaendeleaje? Mbusu kwa niaba ya shangazi asiyemjua. Sisi huku tunaendelea. Mama hajambo, ila magoti yanamlalamikia kila akipanda ngazi, naye anayalalamikia magoti, basi nyumba nzima ni malalamiko matupu. Mimi ni mzima. Baba naye ni mzima wa mwili, na hapo ndipo ninapotaka ukae kitako, maana habari ni ndefu.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Nimejaribu, kaka. Nabonyeza namba yako, ikianza kuita naikata, kwa sababu sijui neno la kwanza liwe lipi. Kwenye karatasi angalau naweza kulia bila wewe kunisikia, halafu nikajifuta uso na kuendelea.

Nianze na kazi. Tangu uondoke, mimi ndiye niliyerithi kiti chako pale karakana, pamoja na mkasi wako, rula yako ya chuma na lile koti lenye tundu mfukoni linalomeza kalamu zangu zote. Kiberiti, fundi wetu wa umeme, bado yupo na bado anawaka kwa jambo dogo. Kila nikikosea hunikumbusha kwamba wewe usingefanya hivyo. Wafanyakazi wengine wamehama mmoja mmoja, sasa tumebaki watatu. Bomba la upepo tunalojaribia mabawa ni lile lile, feni kubwa upande mmoja, kioo katikati, na kelele zinazomfanya mtu apige mayowe hata anapoomba bisibisi.

Na ndoto ya baba ni ile ile aliyoanza nayo kabla hatujazaliwa. Unakumbuka alivyokuwa akitufundisha mezani, kijiko kikiwa bawa la ndege, na mama akimwambia chakula kinapoa? Bawa likiinuliwa pua kupita kiasi, hewa inabanduka mgongoni mwake na ndege inakosa cha kuibeba. Baba anataka hewa hiyo isibanduke, bila kufunga mashine yoyote ya kuzunguka, ila kwa utepe mwembamba wa shaba juu ya bawa na mwingine chini yake, katikati plastiki. Ukipitisha umeme mkali, hewa iliyo karibu na utepe inashika umeme, inawaka zambarau, na kunazaliwa kaupepo kanakotambaa juu ya ngozi ya bawa na kuivuta hewa nyingine iambatane nalo. Najua haya unayajua kuliko mimi. Nayaandika kwa ajili ya wifi, maana lazima anasoma begani kwako. Wifi, shikamoo.

Sasa nikuambie kilichotokea. Unajua mwanga ule ni hafifu, hauonekani mpaka uzime taa. Siku hiyo tulivuta mapazia, tukazima taa, Kiberiti akawasha feni, mimi nikabonyeza swichi ya umeme. Hapakuwaka kitu. Waya mmoja ulikuwa umechomoka, lakini hilo tulilijua baadaye. Kabla sijafungua mdomo kusema, baba, aliyekuwa ameinamia kioo, akatangaza kwa sauti kubwa kwamba leo utepe umewaka vizuri kuliko siku zote, toka mwanzo hadi mwisho, bila pengo.

Kiberiti akacheka, akidhani mzee anatutania. Baba akaendelea. Akatusifu, akatuambia tusogee tuone rangi ilivyotulia. Hapo kicheko cha Kiberiti kikakatika. Mimi nikasema ndiyo baba, umewaka vizuri, kisha nikazima swichi. Taa ziliporudi, Kiberiti aliuona ule waya, akaurudishia. Yule mtu anayefoka kutwa nzima skrubu ikianguka alinyamaza hadi tunafunga mlango, na ukimya wake ndio ulionitia hofu.

Basi nikaanza kuunganisha. Kila siku, kabla feni haijawashwa, baba hutega sikio karibu na utepe asikie umeme unavyovuma, halafu hunusa ile harufu kama ya baada ya radi. Tulidhani ni ubingwa. Kiberiti alikuwa akijigamba kwa wageni kwamba mzee wetu anapima umeme kwa pua. Kumbe ndiyo macho aliyobaki nayo. Siku ile feni ilitangulia kuwashwa, ikameza sauti, upepo ukaipeleka harufu nje, naye akabaki hana cha kumwongoza. Akakisia.

Nyumbani nako dalili zilikuwepo, ila tulizipa majina mengine. Magazeti aliyaacha, akidai siku hizi wachapaji ni wavivu. Jioni moja aliingia sebuleni akasalimia koti la mama lililotundikwa mlangoni, tukacheka mpaka machozi, naye akacheka nasi. Lililomuumiza mama ni kwamba baba alikuwa hamtazami tena usoni. Akizungumza naye hutazama pembeni, kama kuna mtu mwingine kasimama nyuma yake. Mama alishanidokeza jikoni, akimenya viazi, kwamba huenda mzee amemchoka. Miaka yote hiyo ya ndoa, kaka, mama alikuwa akijipaka poda kila asubuhi akitafuta kutazamwa.

Kumpeleka kwa daktari nilitumia uongo. Nilimwambia macho yangu mimi ndiyo yanayonisumbua na naogopa kwenda peke yangu. Unamjua baba, kwa wanawe atakwenda popote. Tulipofika nikamkalisha yeye kwenye kiti. Alinikasirikia, ila alikaa.

Daktari ni mama mmoja mpole, anazungumza taratibu. Alimpa karatasi yenye miraba midogo midogo, kama ya daftari la hesabu, akamwomba aitazame kwa jicho moja moja na kueleza anachokiona. Baba akasema karatasi hiyo imechapwa vibaya, mistari imepindapinda na katikati kuna doa. Daktari hakubisha. Alinigeukia, akaniomba mimi nieleze ninachokiona. Nikasema mistari imenyooka yote. Nilitamani niseme uongo tena, ila baba alikuwa ananisikiliza kwa namna ambayo sikuweza.

Daktari akatueleza. Kitovu cha kuonea ndani ya macho kimeharibika, kingo tu ndizo nzima. Baba ataona fremu ya mlango, hatamwona aliyesimama mlangoni. Ugonjwa huu, alisema, huanza kwa kupindisha mistari, na mtu hulaumu miwani, hulaumu taa, kwa muda mrefu. Angekuja wakati ule kulikuwa na sindano za kuuzuia. Sasa hazimfai tena. Baba alimwuliza swali moja tu, kama inawezekana mtu akaona kitu kilichonyooka kimepinda, akaapa kwamba kimepinda. Daktari akasema inawezekana kabisa. Baba akashukuru kwa adabu, akatafuta mlango kwa mkono.

Kaka, nimefika pale ambapo kalamu imekuwa nzito.

Nje kuna benchi. Baba aliniomba tukae. Akaniambia kwamba jioni ya kuamkia siku ile bawa lilipoungua naye akakufukuza, ulipokwisha kwenda nyumbani, alirudi karakana peke yake. Alilikagua bawa na akaona utepe ulioubandika umepinda. Kwa muda mrefu alikuwa akiona kazi yako imepinda, ndiyo maana alikusema kila mara, nawe ukimwonyesha rula yeye akaona unabishana na mkubwa. Jioni ile aliubandua utepe wako wote, akaubandika upya kwa mikono yake, akiufuata jinsi macho yake yalivyomwambia. Asubuhi ulipofika bawa lilikuwa limekwisha kufungwa ndani ya bomba. Hukuugusa utepe ule, kaka. Ulioungua si wako. Uliwekwa na baba, umejaa malengelenge ya hewa chini yake, na umeme ukapenya hapo hapo.

Aliyokuambia mbele ya wote siyarudii hapa. Najua uliyabeba. Mama aliniambia ulivyomweleza kwenye simu kwamba mikono yako ina nuksi, kwamba ndiyo maana umeamua kutengeneza majokofu, kwa kuwa jokofu likiharibika halivunji moyo wa mtu. Mikono yako haikukosea. Utepe wako ulikuwa umenyooka. Hiyo ndiyo sababu ya barua hii, na kama ningekuwa na ujasiri ningeiandika kwenye mstari wa kwanza.

Nilimwuliza kwa nini hakusema. Alijibu kwamba alikuwa anaamini kwa moyo wake wote kuwa aliitengeneza kazi yako, na kama iliungua hata baada ya yeye kuitengeneza, basi uharibifu ulianzia kwako. Aliamini hivyo mpaka alipoletewa karatasi ya miraba. Halafu akavua miwani, akalia. Si machozi ya kufuta kwa kidole, kaka. Alilia kwa sauti, watu wakipita, na mimi nimemshika bega. Sijawahi kumwona baba akilia, nilidhani hajui.

Alinikataza nisikuambie. Anasema ukija utakuja kwa kumwonea huruma, na kwamba mtu aliyemfukuza mwanawe kwa kosa lake mwenyewe hana uso wa kumwita. Mama anajua habari ya macho tu. Siku nilipomweleza alikwenda kumshika baba mkono, na tangu hapo hamwachi. Nadhani alifurahi kwamba hakuchokwa, halafu akaona aibu kwa kufurahi.

Nikupe na habari nyingine, ingawa sijui niiite njema. Wiki iliyopita tuliliinua bawa pua mpaka pale hewa inapobanduka siku zote, nikabonyeza swichi, na moshi tunaoupitisha ili kuiona njia ya hewa ukalala juu ya bawa bila kubanduka. Imefanya kazi. Kiberiti alinikumbatia, hebu fikiria. Baba alisimama mbele ya kioo akiniuliza moshi unaachana na bawa wapi, nami nikamwambia hauachani. Akaniuliza tena. Nikamwambia tena. Kazi ya maisha yake ameelezwa kwa mdomo, kaka, na mwenye mdomo huo ni mimi.

Jana mchana aliniuliza sura yako ikoje siku hizi, kama umenenepa, kama una mvi, kama mtoto amekufanana. Nikamwambia mimi pia sijakuona tangu ulipoondoka. Akaniambia kwamba akikufikiria uso unaomjia ni ule wa asubuhi ile, umeinamisha kichwa, na kwamba sasa hatapata mwingine wa kuweka mahali pake.

Njoo, kaka. Sikuombi umsamehe, hilo ni lako. Njoo tu azungumze nawe, amshike mjukuu wake, asikie unavyocheka.

Mama anakusalimu sana, anasema ukija usisahau sweta. Kiberiti anakusalimu, ingawa amenikataza nisiandike kwamba amekukumbuka. Nisalimie wifi na mtoto. Baba hajatuma salamu, kwa sababu hajui kwamba nakuandikia.

Ni mimi mdogo wako,
Chiriku